Pasipoti ya Asili na Bei Isiyobandikwa Dirishani

Mwenye kisa hiki ameniruhusu nikiandike kwa sharti moja, kwamba nisitaje jina lake wala mtaa anakoishi. Anauza vipuri vya magari hapa Dar es Salaam, ana mke na watoto wawili, na kwa asili ni Mgoa. Marehemu baba yake alizaliwa Goa, India, wakati Goa ikiwa bado koloni la Ureno, na kwa sababu hiyo mwana alikuwa na haki ya kudai uraia wa Ureno. Haki hiyo aliipata. Ila alipomaliza kuilipia alikuwa ametumia akiba ya kujengea nyumba, amepoteza uraia wa nchi aliyozaliwa, na lile jambo lililomfanya aanze safari lilikuwa limeshapita.

Nimeomba ruhusa ya kukisimulia kwa sababu nasikia wengine wakianza safari kama yake, na si Wagoa peke yao. Yuko mwenye babu Mgiriki aliyelima mkonge, yuko mwenye bibi Mwingereza, wako wenye ukoo Oman. Hakuna kati yetu anayeweza kusema hili haliwezi kumpata, maana linaanzia mahali pema kabisa: mzazi anataka mwanawe apate nafasi ambayo yeye mwenyewe hakuipata. Mtu mwenye nia ya namna hiyo huwa hasikii vizuri anapoonywa.

Kwanza tuelewe haki yenyewe inatoka wapi. Wareno waliishika Goa tangu 1510 hadi jeshi la India lilipoingia Desemba 1961. Sheria ya Ureno humtambua aliyezaliwa huko kabla ya utawala huo kuanguka kuwa alizaliwa Mreno, na mtoto wake anaweza kuomba aandikwe kuwa Mreno pia. Huku kwetu Wagoa walikuja kwa meli, wakawa makarani wa serikali ya kikoloni, washonaji, wapishi, wapiga muziki. Kenya inawakumbuka watoto wao wawili wakubwa: Pio Gama Pinto, aliyeuawa Nairobi Februari 1965, na Joseph Murumbi, Makamu wa Rais mwaka 1966, ambaye baba yake alikuwa Mgoa na mama Mmasai. Jambo moja katika maisha ya Wagoa hawa wa Afrika linahusu kisa chetu moja kwa moja. Akina mama wengi wa Kigoa, mimba ilipokua, walipanda meli kurudi kujifungulia kwa wazazi wao, kisha wakarejea Afrika na mtoto mikononi. Ndivyo baba yake rafiki yetu alivyozaliwa Goa ingawa nyumbani kwao palikuwa Dar es Salaam. Na ndivyo alivyozaliwa mdogo wake, ambaye baadaye alihamia Nairobi na kupata mtoto huko. Huyo binamu wa Nairobi mwekeni akilini.

Mwaka 2014, kwenye harusi, rafiki yetu alitambulishwa kwa mtu aliyesifiwa kwamba "anashughulikia Lisbon." Mazungumzo yalikuwa matamu. Uingereza wakati ule ilikuwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya, na mwenye pasipoti ya Ureno aliweza kwenda kuishi na kufanya kazi huko bila viza. Mji wa Swindon ulikuwa umejaa Wagoa waliopita njia hiyo. Kijana wake mkubwa alikuwa sekondari, na baba akaona maisha ya mwanawe yamefunguka.

Swali la kwanza la wakala lilikuwa: "Una watoto wangapi?" Akatoa hesabu papo hapo, dola 1,500 kwa kila kichwa, nusu ilipwe mwanzoni. Hakuuliza baba alizaliwa kijiji gani. Hakuuliza mwaka. Hakuuliza bibi mzaa baba aliitwa nani.

Hii ndiyo dalili ambayo ningependa kila msomaji aishike. Kazi yote ya uraia wa asili husimama juu ya karatasi moja, nayo ni cheti cha kuzaliwa cha yule mzazi au babu anayekupa haki. Kumbukumbu za Goa zimehifadhiwa kwa wilaya: za Bardez ziko Mapusa, za Salcete ziko Margao, za Tiswadi ziko Panaji. Majina nayo yanajirudia, kwa kuwa watu walibatizwa kwa majina ya watakatifu walewale na koo ni zilezile, De Souza, Fernandes, Rodrigues. Bila kijiji, bila mwaka na bila majina ya wazazi wote wawili, hakuna anayeweza kujua kama kazi inawezekana, sembuse kutaja bei yake. Fundi cherehani anayekutajia gharama ya suti kabla hajachukua futi kamba anapima mfuko wako, wala si mabega.

Rafiki yetu aliuza gari lake dogo la mizigo akalipa kianzio. Mkewe akauliza risiti iko wapi. Wakala akacheka kwa upole, akasema, "Shemeji, haya ni mambo ya kifamilia, mimi si mtu wa kukimbia." Fedha ziliingia kwenye akaunti ya mtu binafsi ambaye jina lake hata halikufanana na la wakala. Mke alilisema hilo pia. Akaambiwa asilete mkosi.

Baada ya miezi kadhaa ikaja nakala ya cheti kutoka Goa. Nyumba ilisherehekea. Shangazi mtu, dada mdogo wa marehemu, aliyekuwa amevuka miaka themanini, aliomba miwani yake asome. Alisoma polepole, kwa kidole, kwa kuwa Kireno chake kilikuwa cha utotoni. Jina la mtoto lilikuwa sawa. Jina la baba lilikuwa sawa. Alipofika kwenye jina la mama akasimama, akarudia, akasema, "Huyu si kaka yangu. Mama yetu hakuitwa hivi." Akageuza karatasi akaona muhuri wa Margao. "Na sisi ni watu wa Bardez. Tangu lini tukaandikwa Margao?"

Mwanamke huyo ndiye peke yake aliyebaki duniani akiwa amekaa meza moja na wote waliotajwa, au waliopaswa kutajwa, katika karatasi ile. Wakala akapigiwa simu. Akajibu kwamba makarani wa Kireno walikuwa wakikosea sana, na kwamba wazee husahau. Familia ikaamua kuwa shangazi amesahau. Ninapofikiria kisa hiki chote, hapa ndipo moyo unaponiuma zaidi. Karatasi ilikuwa mezani na shahidi alikuwa kitini. Lakini fedha zilikuwa zimeshatoka, na mtu aliyekwisha kulipa hutafuta sababu ya kuamini.

Kulikuwa na jambo la majina upande wa huku pia. Karani wa Kiingereza wa Tanganyika alipomwandika Mgoa, João aliandikwa John, Caetano akawa Cajetan, na Sousa akawa D'Souza. Cheti cha ndoa cha wazazi kilikuwa na namna moja ya jina, cheti cha kuzaliwa cha rafiki yetu kilikuwa na nyingine, na kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA, kilikuwa na ya tatu. Hili ni tatizo la kawaida, tena lina dawa ya halali: hati ya kiapo, cheti cha ubatizo kutoka parokiani, marekebisho yanayofanywa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, kwa utaratibu wake, tafsiri iliyothibitishwa. Ni kazi ya subira na inagharimu. Hati za Tanzania wakati ule zilihitaji kupita Wizara ya Mambo ya Nje na kisha ubalozini ndipo zikubalike Ureno, na kila muhuri una ada yake. Mtu asipoiweka gharama hii kwenye hesabu tangu mwanzo atashangaa, maana aghalabu ndiyo inayoizidi ada ya serikali yenyewe.

Wakala alikuwa na njia fupi. Alijitolea "kutengeneza" cheti kipya cha kuzaliwa chenye majina yanayolingana na karatasi ya Margao. Namshukuru Mungu kwamba hapo rafiki yetu alikataa. Angekubali, jambo lingetoka kwenye hasara likaingia kwenye jinai, na madhara yake yangewafuata hadi wajukuu. Uraia wa asili hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na wa chini humshikilia wa juu. Ikigundulika kwamba yule wa juu kabisa si babu yao, wote waliomshikilia wanaanguka naye.

Lakini hata baada ya kuona mtu yuko tayari kughushi, hakuachana naye. Maombi yalikwenda Lisbon, kwenye ofisi kuu ya usajili inayoitwa Conservatória dos Registos Centrais, yakiwa na karatasi ya Margao. Mwaka 2016 barua ikarudi kwa Kireno. Wakala alisema ni mabadiliko ya sheria, kwamba mlango unafungwa, kwamba ikiongezwa fedha kidogo wiki hiyo jambo litakwisha. Wakaongeza. Baadaye sana, mtu anayejua Kireno aliposoma ile barua, ilikuwa inauliza swali lilelile la shangazi: kwa nini jina la mama kwenye cheti cha kuzaliwa halilingani na jina la mama kwenye cheti cha ndoa? Simu ya wakala ikaanza kuita bila kupokelewa, kisha haikuita kabisa.

Sasa tumrudie binamu wa Nairobi. Yeye hakutumia wakala. Alianza kwa kumpigia shangazi simu na kuandika kila alichoambiwa: kijiji, kanisa, majina ya wazazi wa pande zote mbili, nani alizaliwa kabla ya nani. Kisha akamwandikia jamaa aliyebaki Bardez, naye akaenda Mapusa kuomba nakala kamili ya kumbukumbu, ile inayoonyesha kila kilichoandikwa kitabuni, ikapigwa muhuri wa apostili, ule unaoifanya hati ikubalike nje bila kupita ubalozini, kwa kuwa India iko kwenye mkataba wa muhuri huo tangu 2005. Alipokuwa na karatasi mkononi ndipo alipotafuta wakili Ureno. Alihakikisha jina lake limo kwenye orodha ya chama cha mawakili wa nchi hiyo, Ordem dos Advogados, ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama. Akaomba bei kwa maandishi, ada ya serikali ikitenganishwa na ada ya wakili.

Rafiki yetu alipoyajua hayo alianza upya kwa njia hiyohiyo, na cheti sahihi cha baba yake kilipatikana Mapusa, kikiwa na kijiji kilekile alichokitaja shangazi. Mwaka 2019 akawa ameandikwa Lisbon na kupata pasipoti. Zile fedha za mwanzo hakuzipata tena.

Hadi hapa pengine msomaji atasema kisa ni cha wakala mwongo, na dawa yake ni kumkwepa. Natamani ingekuwa hivyo. Hasara kubwa zaidi zilikuja baada ya wakala kuondoka, wakati kila karatasi ilikuwa halali.

Juni 2016 Waingereza walipiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya. Habari ilikuwa kwenye kila redio. Familia hii iliisikia kama ilivyosikia habari nyingine za dunia, ikaendelea kulipia njia ya kwenda Swindon. Hakuna aliyesimama kuuliza: tunachokinunua bado kitakuwepo tutakapomaliza kulipa? Uingereza ilitoka rasmi 31 Januari 2020, na kipindi cha mpito kikaisha 31 Desemba mwaka huohuo. Kijana hakuweza kuomba kabla baba yake hajaandikwa, na hati zake zilikamilika 2021. Kwa mwenye pasipoti ya Ureno anayeanza safari sasa, Uingereza ni nchi ya viza ya kazi kama ilivyo kwa wengine. Ile miaka iliyopotea kwa karatasi ya Margao ndiyo iliyomkosesha. Ninafurahi kusema kwamba kijana yuko Lisbon, ana kazi hotelini na anajifunza Kireno, kwani pasipoti ile bado inamfungulia nchi 27 za Umoja wa Ulaya. Lakini lugha hakujiandaa nayo, wala mji, wala mshahara wa huko, na kodi ya chumba imemtoa jasho.

Kisha ikaja zamu ya uraia wa Tanzania. Pasipoti za kielektroniki zilizinduliwa Januari 2018 kwa ada ya shilingi 150,000, na zile za zamani zilipokaribia ukomo wake watu wakaenda kubadilisha. Rafiki yetu naye alikwenda. Wakala aliwahi kumwambia, tangu siku za kwanza, "Mambo ya Uhamiaji usiyaguse, huna haja ya kumwambia mtu." Nayo ilikuwa dalili. Mshauri anayekutaka ufiche jambo kwa serikali yako amekwisha kukuambia kwamba jambo lenyewe lina kasoro. Alipoulizwa kama ana uraia wa nchi nyingine alisema kweli, na mimi namheshimu kwa hilo.

Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Wakala alikuwa na jibu la hilo pia, na ninalieleza kwa sababu linasikika kama hekima na bado linazunguka midomoni. Alisema kwamba sheria ya Ureno humhesabu mtoto wa Mreno kuwa Mreno tangu siku aliyozaliwa, kwa hiyo huwi umechukua uraia mpya, umetambuliwa tu. Kwa upande wa Ureno ni kweli. Lakini swali la nani ni raia wa Tanzania hujibiwa na sheria ya Tanzania, nayo inamtazama mtu mzima aliyejaza fomu kwa mkono wake, akatia sahihi, akalipia, akapokea pasipoti ya taifa jingine. Wenzetu wa Unguja na Pemba wenye ndugu Oman wanaujua ugumu huu, kwani Oman nayo hairuhusu uraia pacha, na familia nyingi zimelazimika kuamua nani abaki upande gani.

Kwa hiyo leo mtu aliyezaliwa Dar es Salaam, aliyesoma hapa na kuzika wazazi wake hapa, anaishi kwa kibali cha ukaazi chenye tarehe ya mwisho. Alikuwa na kiwanja Kigamboni, hati ikiwa kwa jina lake. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamzuia asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Ikabidi kiwanja kihamie kwa mkewe, ambaye ni raia, kwa gharama za mthamini, wakili na kodi, na matofali yaliyokuwa yanunuliwe hayakununuliwa. Yapo mabadiliko ya karibuni yanayowapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nje, nami nawaombea yawasaidie wengi, lakini hadhi hiyo si uraia na haimrudishi mtu kwenye daftari la wapiga kura.

Binamu wa Nairobi hakupata tabu hiyo. Hakuwa na akili kuliko mwenzake. Tofauti ni kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 inamwachia raia wa kuzaliwa uraia wake hata akipata mwingine. Alichotakiwa ni kutoa taarifa ndani ya miezi mitatu, na asiyetoa hukabiliwa na faini ya hadi shilingi milioni tano za Kenya au kifungo cha hadi miaka mitatu. Alitoa. Babu mmoja, bibi mmoja, kijiji kimoja cha Bardez, na matokeo mawili tofauti kwa sababu ya mpaka wa Namanga. Kwa hiyo ushauri wa ndugu aliyeko nchi nyingine, hata akiwa mkweli kiasi gani, hauwezi kukutosha. Nakusihi, kabla ya kutuma hata senti Ulaya, nenda kwa wakili wa nchi unayoishi ukaulize utapoteza nini.

Na kuna gharama ya kuhuisha, ambayo karibu hakuna anayeihesabu siku ya furaha. Pasipoti aliyopewa 2019 ilikuwa ya miaka mitano. Ilipokwisha, alihitaji kitambulisho cha raia wa Ureno kilicho hai, miadi ambayo hupatikana kwa tabu, na kufika mwenyewe kutoa alama za vidole na picha. Ilimaanisha tiketi ya ndege, malazi, duka kufungwa. Ada ya kitabu chenyewe ilikuwa kitu kidogo katika safari ile. Na kwa kuwa kibali chake cha kuishi Tanzania kimegongwa kwenye pasipoti hiyo, hawezi kuiacha ikalala hata kama hana mpango wa kusafiri. Mwenye familia ya watu wanne achukue gharama hiyo, azidishe kwa vichwa, kisha azidishe kwa miaka aliyobakiza duniani.

Nimesema kisa hiki si cha Wagoa pekee, na huenda kuna msomaji Ulaya au Marekani ambaye mwenzi wake ana asili ya Ireland au Italia. Ireland humwandikisha mjukuu wa mtu aliyezaliwa huko kwa ada ya euro 278 kwa mtu mzima, na watu huona ni jambo dogo linaloweza kungoja. Lakini uraia huo huanza siku ya kuandikwa. Mtoto aliyezaliwa kabla mzazi wake hajaandikwa hapati kitu kwa njia hiyo, na yule anayezaliwa baada anapata, hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Italia ilipandisha ada ya maombi kutoka euro 300 hadi 600 mwanzoni mwa 2025, na tarehe 28 Machi mwaka huohuo serikali ikatoa amri iliyowafungia mlango wengi wanaotegemea babu wa babu. Waliokuwa wamewasilisha maombi hadi siku iliyotangulia waliendelea kwa sheria ya zamani. Waliokuwa bado wanasumbuana na cheti kimoja chenye jina lililokosewa wakabaki nje.

Mtu anaweza kusoma hilo akasema, basi wakala wa Dar es Salaam alikuwa sahihi alipohimiza haraka. Hapana. Haraka inayofaa ni ya karatasi: kumhoji shangazi akiwa hai, kuandika majina, kuomba nakala kutoka kwenye kitabu chenyewe, kurekebisha herufi iliyokosewa. Kazi hiyo ina gharama ndogo na haimfungi mtu kwa lolote. Haraka ya wakala ilikuwa ya fedha, na ndiyo iliyoila miaka ambayo kijana angeitumia.

Binti mdogo wa rafiki yetu sasa ametimiza miaka kumi na minane na anasomea uuguzi. Hati zake zote ziko tayari, majina yakilingana kuanzia kijijini Bardez hadi RITA. Baba alimkalisha na mama yake, akamweleza kila kitu alichopoteza na kila kitu ambacho kaka yake amekipata, akamwachia aamue. Wakamwuliza wakili kama kuna umri wa mwisho. Jibu likawa kwamba kwa sheria ilivyo, mtoto wa Mreno anaweza kuomba wakati wowote wa maisha yake. Binti amesema anataka kuajiriwa katika hospitali ya serikali hapa nchini, na kwamba kwa sasa hatatia sahihi. Wamekubaliana kwamba kila mwaka watauliza upya kama sheria ya Lisbon au ya Dodoma imebadilika.

Shangazi alifariki akiwa amekwisha kuona cheti cha Mapusa. Alikisoma kwa kidole hadi kwenye jina la mama yake, akasema ndiyo, huyu ndiye.